Mto Usioimbiwa

Nilipokuwa mtoto, mto wa kwetu haukuimbiwa. Tulifua humo, tulioga humo, tulikunywa maji yake, na ukiteleza kwenye mawe ungeweza hata kuutukana usidhurike. Lakini kuimba wakati unavuka, hapana. Bibi, mama yake mama, alisema mto ule una wenyewe, na wenyewe hao wanapenda nyimbo kupita kiasi. Wakisikia iliyowapendeza, wanabaki nayo.

"Utafika ng'ambo mzima, na miguu yako yote," alituambia. "Lakini wimbo umeuacha humo. Kesho unafungua mdomo, haupo."

Sikuwahi kumwona mtu aliyepatwa na jambo hilo, ila sikuwa na shaka nalo. Tukikaribia maji tulinyamaza wenyewe, na aliyejisahau tulimfinya. Leo ninaishi mjini, Mafiga, nina mume na watoto, nimesoma kiasi changu, na mume wangu bado ananicheka kwamba tukifika kwenye daraja lolote maneno yananikatika mdomoni. Namwambia ni mazoea. Sijui kama ni mazoea.

Kijiji chetu kiko juu ya Mkuyuni, mahali ambapo ukungu wa asubuhi hauondoki mpaka watu wameshakunywa chai. Tuliishi nyumba moja, bibi, mama na mimi. Baba alifanya biashara ya ndizi mjini, akija siku ambazo mzigo umeisha. Tulilima magimbi na mihogo, na kila nyumba ilikuwa na pilipili manga zake zimepanda juu ya miti.

Mama alikuwa mtu wa nyimbo. Alijua za harusini, za ngoma, na kaswida, lakini wimbo wake hasa ulikuwa mmoja. Aliupata alipokuwa msichana, wakati amekaa kwa shangazi yake mjini, kwenye redio ya jirani. Ulikuwa wimbo wa dansi, wa taratibu, wa mtu anayengoja stesheni. Jina la bendi mama hakulijua. Mimi niliusikia hivi:

Treni imepita Ngerengere,
haikushusha mzigo wangu.

Nilikuwa sijawahi kuona treni. Nilidhani ni wimbo wa mfanyabiashara kama baba, aliyepotelewa na ndizi zake. Hata hivyo niliupenda, kwa sababu ulikuwa kama hali ya hewa ya nyumba yetu. Mama akitwanga, wimbo ulikwenda mbio na mchi. Akiwa amechoka aliuburuta, kila neno likivuta mguu. Baba akichelewa kuja aliuimba kwa puani tu, bila maneno, na hapo nilijua si siku ya kuomba chochote. Nilipougua surua aliniimbia huo huo, akinipaka maji usoni, na naapa homa ilikuwa inasimama kidogo kusikiliza.

Kisha akazaliwa mdogo wangu, Shabani.

Shabani alikuwa mtoto wa kulia. Alilia akishiba, alilia akioga, alimlilia kila aliyemtazama. Kitu kimoja tu kilimnyamazisha. Mama akianza "treni imepita", alikaza macho hewani, mdomo wazi, kama mzee anayesikiliza taarifa ya habari. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. "Huyu atakuwa dereva wa treni," alisema.

Siku moja ya gulio tulishuka wote Mkuyuni kuuza pilipili manga. Wakati wa kurudi jua lilikuwa kali, Shabani alikuwa mgongoni kwa mama, na tulipofika mtoni akaangua kilio. Mama alikuwa na kikapu kichwani na mguu mmoja tayari juu ya jiwe. Alimtikisa, hakunyamaza. Alimwambia "shii, shii", hakunyamaza. Basi mama akaimba. Aliimba akivuka, jiwe kwa jiwe, mpaka ng'ambo, na mtoto akatulia.

Bibi alikuwa mbele yetu, ameshavuka. Aligeuka. Alimtazama mama, akatazama maji, akaendelea kupanda mlima. Kimya chake kilinitisha zaidi kuliko kama angefoka.

Haukupita muda mrefu Shabani akapata homa. Walimpeleka zahanati, wakamrudisha na dawa, homa ikashuka, ikapanda tena. Alifariki asubuhi, watu wakiwa wanakwenda shamba. Bibi ndiye aliyemwosha. Wanaume wakambeba, kitu kidogo sana ndani ya nguo nyeupe, na baba aliyekuwa amekuja mbio kutoka mjini alitembea nyuma yao akiwa na kiatu kimoja kimefunguka kamba. Nilitaka kumwambia afunge. Sikumwambia, na mpaka leo nikikumbuka msiba ule nakumbuka ile kamba.

Baada ya hapo mama aliacha kuimba.

Aliendelea na kazi zote. Alitwanga, alipepeta, alipika. Ila sasa mchi ulisikika peke yake, na nyumba ikawa haina namna ya kujulikana. Sikuweza tena kujua leo mama yukoje, niombe au nisiombe, nisogee au nikae mbali. Nilimfuata kila mahali nikisikiliza puani mwake. Hakuna kitu.

Nikamwendea bibi, alikuwa anachambua maharage uani.

"Bibi, mbona mama haimbi?"

"Wimbo uko mtoni," alisema. "Si ulikuwepo siku ile?"

"Na Shabani? Naye alichukuliwa na mto?"

Aliacha kuchambua. "Zena, usinielewe vibaya. Mto hauchukui watu. Watu anachukua Mungu. Mto unachukua nyimbo tu."

Nilikaa na maneno hayo kama mtu aliyepewa funguo mbili bila kuonyeshwa milango. Kama Mungu ndiye aliyemchukua Shabani, mto ulihusika vipi? Kama havihusiani, mbona vilikuja pamoja? Na mama angejibiwa na nani? Mungu nilifundishwa kwamba haulizwi. Lakini mto ulikuwa pale chini, nauona nikisimama kwenye migomba. Nikaona huyo ndiye wa kuongea naye.

Tatizo lilikuwa nitauombaje. Wenyewe wa mto walikuwa na nyimbo nyingi, za tangu mababu. Nikisema "rudisheni wimbo wa mama", watajua ni upi? Ilibidi niwaimbie. Na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu nyumbani kwetu sasa ni mimi tu niliyebaki nao. Wakiuchukua na wa kwangu, utakuwa umekwisha kabisa.

Nilikwenda mchana, mama akiwa shambani. Nilisimama kwenye jiwe la katikati, maji yakipita pande zote mbili. Nilitoa salamu kwanza, shikamoo, maana sikujua umri wao. Nikaanza kwa sauti ndogo. Mto ulikuwa na kelele, nikajua hawanisikii, nikapandisha. Mwishowe nilikuwa napiga kelele kabisa, macho nimefumba.

Treni imepita Ngerengere,
haikushusha mzigo wangu...

Nilishtukia mkono umenishika bega. Mama alikuwa amesimama ndani ya maji, kanga imelowa mpaka mapajani. Shamba letu la magimbi lilikuwa pembeni tu ya mto. Alikuwa amesikia kila kitu. Alinizaba kofi. Mama ambaye hakuwa mtu wa kupiga. Kisha, kabla sijalia, akanivuta kifuani, akanibana hata nikakosa pumzi. Sikujua nimefanya jema au baya. Shavu lilikuwa linawaka, na huku nilikuwa nimekumbatiwa.

"Umesemaje?" aliniuliza.

"Wapi, mama?"

"Hapo. Treni imepita Ngerengere. Halafu?"

"Haikushusha mzigo wangu."

"Mzigo?" Uso wake ulifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona, kama anataka kucheka na kinywa kimesahau njia. "Mzigo gani? Nani kakufundisha mzigo?"

"Wewe."

"Mimi sijasema mzigo. Ni mtu, Zena. Haikushusha mtu wangu. Sema."

Nikasema.

"Si kusema. Imba."

Nikaimba. Alitikisa kichwa, nilikuwa naukimbiza. Akasema, "Sikiliza," na ili kunionyesha tu, akaanza yeye. Sauti ilitoka imepauka, ikakatika kwenye "Ngerengere", akaimeza, akaanza upya. Akaenda mpaka "mtu wangu". Akaenda ubeti wa pili, ambao mimi sikuujua vizuri, ambamo yule anayengoja anawauliza abiria mmoja mmoja. Aliuimba wote, amesimama mtoni, machozi yanatiririka na hayafuti, na mimi nimeshika kanga yake nikitazama maji. Nilitegemea kuona kitu. Mkono, samaki mkubwa, sijui. Maji yalipita vilevile.

Tulipopanda nyumbani nilimtangulia, nikamkimbilia bibi. "Bibi! Mto umerudisha!"

Bibi hakushangaa hata kidogo. "Ehe," alisema. "Umeshukuru?"

Sikuwa nimeshukuru. Ilibidi nirudi mtoni peke yangu kusema ahsante, na nilisema haraka, nikakimbia bila kutazama nyuma.

Nisidanganye, mama hakupona siku ile. Zilikuwepo siku nyingi bado za mchi mtupu. Lakini wimbo ulianza kurudi kidogo kidogo, kwanza kwa puani wakati wa kuosha vyombo, kisha maneno. Wakati wa kuvuna pilipili aliuimba wote, hadharani, na jirani akadakia kutoka shambani kwake. Nami nikaanza tena kujua leo kukoje. Sikuusikia tena kama zamani, hata hivyo. Nilikuwa nimezoea wimbo wa mtu aliyepotelewa na ndizi. Sasa ulikuwa na mtu ndani yake.

Nimekua nao. Nimeutafuta kwenye simu, nimewauliza wazee waliocheza dansi enzi zao, hakuna anayeujua. Mmoja aliniambia huenda mama aliunganisha nyimbo mbili. Basi nao ni wetu zaidi. Umenisindikiza kwenye mitihani, kwenye uchungu wa kujifungua, kwenye siku za kawaida kabisa za kuchambua mchele na kupiga deki. Kuna siku naamka sina sababu ya huzuni na ninayo huzuni, naimba beti zake mbili nikikaanga vitunguu, na siku inapata pa kushikia.

Miaka yote hiyo nilibaki na hadithi ya bibi kama alivyonipa: mto uliuchukua, mimi nikauomba, ukarudishwa. Nusu naamini, nusu nacheka. Bibi ameshafariki. Mama sasa anaishi na sisi Mafiga, magoti yamemkatalia mlima. Juzijuzi tulikuwa jikoni tukimenya ndizi, nikamwuliza kwa mara ya kwanza kama yeye naye aliamini kwamba mto ulichukua wimbo wake.

Alinitazama kwa mshangao. "Mto? Mto unahusika nini?"

"Si bibi alisema wimbo umebaki mtoni?"

"Alikwambia wewe hivyo?" Aliweka kisu chini. "Mimi hakuniambia habari ya mto hata mara moja. Aliniambia mtoto amekwenda nao. Alisema, mwanangu, njia ya huko ni ngeni kwake, na anayoijua ni hiyo sauti tu. Mwachie. Ukiimba wewe huku atasimama, atageuka, atachelewa kufika. Ndiyo maana nikanyamaza."

Nami nikaweka ndizi chini.

"Na siku ile uliponipiga?"

"Nilikusikia unaimba, nikajua atageuka. Nikakimbia. Halafu nasikia mzigo, mzigo." Alianza kucheka, na macho yamejaa. "Nikasema, basi, kashasikia, hakuna la kufanya. Ila asiende na maneno ya uongo. Nikaona heri nimwimbie vizuri mpaka mwisho, aende moja kwa moja. Nikamwimbia."

"Kwa hiyo hukuwa unanifundisha mimi?"

"Na wewe pia," alisema, akachukua kisu, akaendelea kumenya.

Tangu siku hiyo nimechanganyikiwa upya, na ukubwani kuchanganyikiwa kunachosha zaidi kuliko utotoni. Tuliishi nyumba moja, tukasimama ndani ya maji yale yale, na kila mmoja alikuwa anamwimbia mtu mwingine. Mimi niliuomba mto urudishe wimbo, mama alikuwa anamuaga Shabani. Bibi alijua yote mawili, kwa sababu ndiye aliyeyapanga. Kuna siku nadhani alitudanganya. Kuna siku nadhani alitupima mabega, akampa kila mmoja anachoweza kubeba: mimi wimbo uliokwama mahali ninapoweza kufika kwa miguu, mama mtoto aliye safarini salama. Na kuna siku nadhani aliamini yote, mto na njia na kugeuka nyuma, na hakuona ugumu wowote kuyaweka pamoja.

Lakini kinachonirudia zaidi ni kwamba Shabani alikuwa mjukuu wake. Ni mikono yake iliyomwosha. Alirudi uani, akakaa chini, akachambua maharage, na sisi wawili tukamwendea kwa zamu tukimwuliza kulikoni, naye akatujibu. Yeye hakuna aliyemjibu. Sijui alijiambia nini. Sikumbuki hata mara moja kumsikia akiimba, na sikuwahi kumwuliza kwa nini.