Nyanjige Aliyelala Siku Kumi na Nne

Nyanjige binti Maganga alikuwa karani wa mizani katika kituo cha kununulia pamba pale Sola, Maswa, na mdomo wake haukuwa na breki. Tangu makampuni binafsi yaliporuhusiwa kununua pamba, kila msimu ulikuja na ujanja wake: huyu anamwagia pamba maji iwe nzito, yule anatia mchanga katikati ya gunia. Nyanjige alizamisha mkono ndani ya gunia mpaka begani, akautoa, akaupapasa, kisha akatoa hukumu.

"Baba, hii pamba imeoga. Kaianike, urudi Alhamisi."

Mwenye gunia aliondoka amenuna, lakini Alhamisi alirudi kwake yeye huyohuyo, maana wote walijua kwamba kilo ya Nyanjige ni kilo.

Nyumbani hakuwa na ubabe huo. Alikuwa ameishi na mumewe, Ngeleja, miaka kumi na mmoja bila mtoto. Daktari mmoja wa Mwanza alimwonyesha kwenye picha kwamba mirija yake ya uzazi imeziba. Mwaka 2006 hospitali moja binafsi ya Nairobi ilikuwa inatafuta wanawake wa namna hiyo kwa ajili ya utafiti, naye akachukuliwa. Mayai yake yalitolewa, yakakutanishwa na mbegu za Ngeleja maabara, kisha mimba changa ikapandikizwa tumboni mwake kwa mrija mwembamba kama bua la mtama.

Watafiti walitaka kujua jambo ambalo hata mama mkwe angeliuliza. Je, mwanamke akishapandikiziwa, alale atulie, au ainuke aendelee na shughuli zake? Nusu ya wanawake wangelala siku kumi na nne, nusu wangeamka saa ileile. Mgonjwa hakuchagua, na daktari hakuchagua. Kila mmoja alifunguliwa bahasha yake. Ya Nyanjige, namba arobaini na saba, ilisema alale.

Akalala, yeye ambaye hajawahi kulala jua likiwa juu tangu akiwa msichana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hicho yeye alikilalia barabara, akazihesabu nyufa zote za dari. Siku ya kumi na sita damu ikaja. Alilia ndani ya basi mpaka Sirari, mpakani, kisha akafuta uso kwa kanga, akaingia Tanzania kichwa juu.

Mwaka uliofuata mdogo wake Ngeleja, aliyeishi Mwanza, alipata binti wa sita. Mtoto alipofikisha miezi sita, wakamleta wakamweka mapajani mwa Nyanjige wakasema, huyu ni wako. Wakamwita Salu. Katika ukoo ule mtoto akishawekwa mapajani mwa mtu hakanwi, na kutamka mbele ya wazee kwamba hukumzaa ni sawa na kumfungulia mlango atoke. Nyanjige wala hakutaka kutamka. Alimpenda Salu mpaka akawa anamwimbia kituoni huku anasoma mizani.

Miezi mitatu baadaye akaja Mektilda, muuguzi wa Bariadi aliyeajiriwa na watafiti kuwafuatilia wanawake wa huku. Alikaribishwa uani. Milembe, mama yake Ngeleja, alikuwa pale anapeta mpunga, na Salu alikuwa anavuta hereni ya Nyanjige. Mektilda akafungua fomu.

"Mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, "baada ya yale matibabu ya Nairobi, ulipata mtoto?"

Nyanjige alimtazama mtoto. Akamtazama mkwe, ambaye ungo wake ulikuwa umesimama.

"Nilipata," akasema.

Mektilda akaandika, akatabasamu, akaaga. Ulikuwa uongo, tusiupambe. Mwenye kuusema alijua hivyo.

Uongo ungekaa kwenye karatasi labda ungelala huko, lakini maneno hayana miguu na bado hufika. Kufikia msimu wa kuchuma pamba, wanawake wa Sola, waliomwona Salu tu bila kujua katoka tumbo gani, walikuwa wanaambiana visimani kwamba siri ya Nairobi ni kulala: Nyanjige si alilala, akapata? Neno hilo likamfikia Esteria, mke kijana wa miaka ishirini na mitano, ambaye naye alikuwa ameingia kwenye utafiti uleule na alikuwa amerudi juzi tu.

Nyanjige alikwenda kumjulia hali, akamkuta amelala chali gizani, mchana kweupe, hataki hata kugeuka. Nje, wifi zake walikuwa wanapita na mafurushi ya pamba wakisema kwa sauti ya kusikika kwamba kaka yao kaoa kitanda.

"Bahasha yako ilisema nini?" Nyanjige akauliza.

"Niamke," Esteria akajibu, machozi yakimtelemkia masikioni. "Mayu, nimeonewa. Wewe walikupa ya kulala ukapata mtoto, mimi wakanipa ya kuamka. Sasa nalala mwenyewe. Wamesema nisipoinuka kesho kuchuma watanirudisha kwetu. Waache wanirudishe. Nitalala huko."

Nyanjige alitoka pale na hasira, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe. Akatoa simu, akampigia Mektilda.

"Njoo na ile fomu."

"Si uniambie tu hapahapa kwenye simu, mayu?"

"Niliyasemea uani, nitayatengua uani. Njoo kesho asubuhi."

Kesho yake Milembe alikuwa palepale, na Ngeleja naye alikuwepo. Kabla ya kusema lolote, Nyanjige alimbeba Salu mgongoni, akakaza mbeleko kwa mafundo mawili.

"Andika hapana," akasema. "Nililala siku kumi na nne, ya kumi na sita nikaona damu. Dawa yenu haikunipa mtoto. Nimewarudisha watu na magunia yao miaka yote, kumbe na mimi nimetia maji kwenye pamba."

Milembe akasimama. "Unamkana mtoto mbele yangu?"

"Simkani, mayu!" Sauti yake ilisikika mpaka kwa jirani. "Huyu nimepewa na ukoo wako, na atakayesema si wangu aje tupambane. Ila kwa sababu yangu kuna binti amelala kule anaharibikiwa na nyumba yake. Kama namwogopa mama mkwe kuliko ninavyomwonea huruma yule, basi mimi ni mama wa nini?"

Ngeleja alisogea akasimama karibu na mkewe. Milembe aliyatazama yale mafundo mawili ya mbeleko, akaona mtoto hatoki. Kisha akachukua fimbo yake, akaongoza njia kwenda kwa Esteria, na huko akawaambia wale wifi maneno ambayo siyaandiki hapa. Nyanjige akamweleza Esteria ukweli wote, naye Esteria akainuka. Mtaniuliza kama alipata. Mara ile hakupata, lakini alibaki kwenye nyumba yake, na aliposhindwa hakujilaumu kwamba ni kwa sababu aliamka.

Miaka mitatu ikapita ndipo Mektilda akaleta majibu. Wanawake mia mbili na kumi na wawili walikuwa wamehesabiwa, na kulala hakukuwa kumesaidia kitu. Kuanzia hapo hospitali ile iliacha kuwalaza wanawake siku zile kumi na nne. Walipandikiziwa, wakapumzika kidogo, wakaenda zao.

"Mimi nimo?" Nyanjige akauliza.

Mektilda akampa karatasi yake ya ufuatiliaji. Arobaini na saba. Alilala. Hakupata. Nyanjige aliisoma mara mbili, akaona fahari ikimpanda kifuani, akamwita Salu, ambaye sasa alikuwa na miaka minne, akakiweka kidole cha mtoto kwenye namba.

"Huyu ni mimi. Kuna wanawake huko mbali hawanijui, wanaamka kwa sababu yangu."

"Na mimi niko wapi?" Salu akauliza, akitafuta kwenye karatasi yote.

"Humo humo kwenye arobaini na saba," Nyanjige akasema. "Wewe umo mapajani mwangu."