Flopi ya Kumi na Moja

Ipo Alhamisi moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, ingawa imepita zaidi ya miaka ishirini na mitano na mengi makubwa kuliko hilo nimeyasahau. Siku hiyo niliketi mbele ya kompyuta tangu saa mbili asubuhi, flopi kumi na tatu zimepangwa mezani, na kila nikifika ya kumi na moja mashine inagoma.

Pengine hujawahi kuiona flopi. Ni kibamba cha plastiki cha mraba, kinaenea kiganjani, na ndani yake kuna utando mwembamba mweusi unaohifadhi maandishi. Picha moja unayopiga leo kwa simu yako haienei humo. Ndiyo maana programu kuu ya kompyuta, ile inayoiamsha mashine na kuiambia ifanye nini, ilikuja imegawanywa kwenye flopi nyingi zenye namba. Unaingiza ya kwanza, mashine inakoroma na kusoma, kisha inakuomba ya pili. Unatoa ile unaingiza hii, hivyo hivyo mpaka ya mwisho. Moja ikikataa, zote ulizotangulia kuingiza hazina faida.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mpiga chapa kwenye ofisi ndogo ya mradi wa kuwafundisha wakunga wa jadi wa vijiji vya Uluguru. Bosi wangu alikuwa Mama Mkude, muuguzi mstaafu, mwanamke wa maneno machache na miguu isiyochoka. Miezi mitatu alipanda milima ile kijiji kwa kijiji, akiandika jina la kila mkunga, kijiji chake na mafunzo aliyoyapata. Mimi nikayaingiza yote kwenye kompyuta, na fomu za karatasi zikapelekwa Dar es Salaam kwa wafadhili. Jumamosi ya wiki hiyo wakunga arobaini walikuwa wanashuka mjini kuchukua vyeti.

Usidhani cheti kilikuwa cha kutundika ukutani. Mmoja wao, Bibi Mwanahawa wa Kinole, alikuwa akija ofisini kila siku ya soko kuulizia chake. Alinieleza kwamba mara mbili alimsindikiza mzazi aliyeshindwa kujifungua, wakashuka naye kwenye machela mpaka hospitali, na mara zote mbili aliachwa nje ya mlango kwa sababu hakuwa na karatasi ya kumtambulisha. Mara ya pili alikaa nje kutwa nzima, na yule binti ndani anamwita yeye. Mwenye cheti angeruhusiwa kuingia. Kwa hiyo kila Bibi Mwanahawa alipokuja aliniuliza neno moja tu, kwa ile lafudhi ya mlimani, "Bado?" Nami nilimjibu, "Jumamosi, bibi."

Sasa Jumanne ya wiki ile umeme ulikatika na kurudi mara nne, na mara ya nne kompyuta haikuamka. Fundi wa Dar alituelekeza kwa simu: tupakie upya programu kuu. Akatuma flopi kumi na tatu kwa basi, zikafika Jumatano mchana. Kwa kutumia ya kwanza niliweza kuiamsha mashine kidogo, nikanakili orodha ya wakunga kwenye flopi tupu, nikaiandika juu kwa kalamu nyekundu: WAKUNGA. Kisha nikafuta kila kitu ndani ya kompyuta, kama fundi alivyosema, ili kesho yake nianze upya. Hapo, mwanangu, ukiacha zile fomu zilizokwenda Dar, orodha ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye kibamba kile chenye wino mwekundu. Wala sikushtuka.

Paa la ofisi lilikuwa linavuja, na mvua ilishatanda milimani. Nikaona nisiziache flopi pale. Nikazifunga pamoja, ya kumi na tatu chini, ya kwanza juu yake zote, na ile ya wakunga juu kabisa, nikaenda nazo nyumbani. Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Kwetu kila kitu cha thamani kililala kwenye droo ya cherehani: vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, pete ya marehemu bibi. Nikafungua droo, nikaziweka humo, nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi ya Alhamisi nikaanza. Ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi, safi. Ya kumi na moja, mashine ikakoroma kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha ikaandika kwamba haiwezi kuisoma, nijaribu tena. Nikajaribu tena. Nikaitoa, nikaipuliza, nikaifuta kwa ncha ya khanga, nikairudisha. Ikakataa. Nikajiambia mashine imechoka, nikaizima ipumzike, nikaanza upya tangu ya kwanza. Saa nzima baadaye tulikuwa pale pale. Nikarudia mara ya tatu. Nilifikia hata kuibembeleza kwa sauti, na nashukuru hakuna aliyenisikia.

Saa tano Mama Mkude akachungulia mlangoni, akaniuliza inakwendaje. Nikamjibu, "Inakwenda vizuri, mama. Imebaki kidogo tu."

Hilo ndilo kosa langu, mwanangu. Nitakueleza na jingine, lakini lile la pili lilikuwa la kutojua. Hili nililifanya macho makavu.

Baada ya chakula cha mchana nikamuaga kwamba nakwenda kununua utepe wa taipureta. Kweli nilikwenda kwa fundi wa taipureta, ila sikwenda kwa ajili ya utepe. Mzee Nurdin alikuwa Mhindi wa Morogoro, kazaliwa hapa, na baba yake kazaliwa hapa. Kibanda chake kilijaa mashine zilizofunguliwa matumbo, na siku hizo alikuwa amenunua kompyuta kuukuu, haina hata printa, anajifunza mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza mkasa wangu kwa haraka kama mtu anayekimbizwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, bisibisi mkononi.

"Umeirudia mara ngapi?" akauliza.

"Zote tangu ya kwanza, mara tatu. Hiyo flopi yenyewe, labda mara ishirini."

"Binti, hiyo mashine umeiuliza swali moja mara ishirini na imekujibu vilevile mara ishirini. Aliyekaidi hapo ni nani, yeye au wewe?"

Nikacheka kwa aibu. Ndipo akanielewesha, taratibu, kama ninavyokuelewesha wewe. Mlo ukimkataa mtoto, alisema, huwezi kujua mara moja kama chakula kimechacha au tumbo linauma. Chakula kile kile mpe mwenye tumbo zima. Naye mtoto mpe chakula kingine. Badilisha kimoja, kingine kiache vilevile, utajua ubaya uko wapi.

Akaichukua flopi ya kumi na moja, akaiingiza kwenye kompyuta yake. Ikakoroma, ikakataa. Akaingiza ya tatu. Ikasomwa bila taabu. Basi mashine ya ofisini haikuwa na kosa, na mimi nilikuwa nimeshinda asubuhi nzima nikiipumzisha. Akajaribu ya kumi na mbili, ikakataa. Ya kumi na tatu nayo ikakataa. Kisha ya kumi, ikakubali.

Mzee Nurdin akazipanga mezani, akatazama zile tatu. "Tatu za mwisho, zimefuatana," akasema. "Zililala wapi usiku?"

"Kwenye droo ya cherehani ya mama."

Aliweka bisibisi chini. Akafungua droo yake mwenyewe, akatoa kipande kizito cha chuma cha mviringo, akakipitisha juu ya meza, skrubu ndogo zikaruka na kukiganda. Nilikijua. Mama alikuwa nacho kama hicho hicho, kimetolewa kwenye spika ya redio mbovu, cha kuokotea pini na sindano sakafuni. Sumaku. Na kilikaa chini kabisa ya droo, siku zote. Flopi huandikwa kwa sumaku, akanieleza, na sumaku huzifuta. Zilizokuwa chini ndizo zilizolala karibu nayo.

Ndipo nikaukumbuka mkoba wangu. Flopi ya wakunga ilikuwa kwenye fungu lile lile.

Nikaitoa mkobani na kutaka kuiingiza palepale, naye akaushika mkono wangu. Akanionyesha kitundu pembeni chenye kijifungo kidogo, akakisogeza. "Hapo inaweza kusomwa, lakini haiwezi kuandikwa juu yake. Ukiwa na kitu kimoja tu, kifungie kwanza ndipo ukiguse." Akaiingiza taratibu. Mashine ikakoroma. Nilikuwa nikitazama ukuta, siyo kioo. Nilisikia tu mkoromo ukikoma, kisha Mzee Nurdin akaanza kusoma kwa sauti yake ya kikohozi, "Mwanahawa, Kinole. Tatu Shomari, Mgeta..."

Nililia, mwanangu. Ilikuwa imelala juu kabisa, flopi kumi na tatu kati yake na ile sumaku, na si kwa akili yangu. Niliiweka juu kwa sababu niliiandika mwisho, basi. Mzee Nurdin akainakili mara mbili kwenye flopi zake, moja akabaki nayo, moja akanipa niiweke kwenye mkoba mwingine. Kisha akaniuliza kama Mama Mkude anajua.

Nikaanza kuzikusanya flopi zangu.

"Flopi tatu mbovu ni za kubadilishwa tu," akasema. "Lakini yule mama saa hizi anadhani kazi inakwenda. Nenda ukamwambie. Usipite kwingine."

Barabara ile kutoka kibandani mpaka ofisini, ukielekea Kilakala, ni ya dakika kumi na tano. Mimi niliitembea kwa nusu saa. Nilipofika nikamwambia yote, droo, sumaku, na lile la "imebaki kidogo tu". Nilingoja anifukuze kazi. Akanyanyua simu, akampigia fundi wa Dar, akamtajia namba za flopi tatu, akasikiliza, akaweka simu.

"Anazo," akasema. "Zitakuja na basi la kwanza kesho. Zuhura, ungeniambia saa tano, zingekuja leo na basi la saa nane."

Mpaka leo sijapata karipio lililoniingia kama lile, kwa sababu halikuwa na ukali hata kidogo. Lilikuwa hesabu tu ya saa nilizompotezea.

Ijumaa nilikuwa stendi tangu saa tatu. Basi likaja saa saba na nusu, watu wanatoka msikitini. Kondakta akanieleza walipasukiwa tairi Mikese, akanikabidhi bahasha kana kwamba ni barua ya kawaida. Nilibeba flopi zile tatu kifuani kama mtoto mchanga, nikapita upande wa pili wa barabara kila nilipoona duka lenye spika nje. Nikaanza tangu ya kwanza. Ilipofika ya kumi na moja mashine ikakoroma. Ikakoroma, ikakoroma, kisha ikaandika: ingiza ya kumi na mbili. Niliita, "Mama!" naye Mama Mkude akaja, akasimama nyuma yangu mkono begani mpaka ya kumi na tatu ilipotoka. Jua lilikuwa bado juu ya milima tulipochapa cheti cha kwanza.

Jumamosi walishuka, arobaini, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Bibi Mwanahawa hakujua kusoma. Aliniomba nimwonyeshe kwa kidole jina lake lilipo, akaweka kidole chake juu ya changu, kisha nikautoa wangu, chake kikabaki. "Basi," akasema, "sitakaa tena nje." Na hakukaa. Miezi miwili baadaye alikuja ofisini siku ya soko bila swali, ameniletea ndizi, kuniambia alikuwa ndani, na mtoto ni wa kike.

Mwanangu, kazi yako ya leo haina flopi, lakini itakugomea vilevile. Usifute kitu kabla hujakiweka pawili, na hapo pawili pasiwe droo moja. Kitu kikikataa, usikirudie vilevile ukitumaini kitakuonea huruma. Badilisha jambo moja uone. Uliza kililala wapi. Na ukikwama, mwambie anayekutegemea mapema, wakati bado lipo basi la saa nane. Aibu ya kusema nimekwama inakwisha hapo hapo ukishasema. Saa za mwenzako hazirudi.

Usiogope kukosea. Mimi nilikosea, na nipo. Mungu akuwekee juu ya fungu kile usichopaswa kukipoteza, hata siku ambayo akili yako haikufika huko. Akujaalie mtu wa kukushika mkono kabla hujaharibu, na kila mlango unaoubisha kwa haki ufunguke, uingie.