Uji wa Soya Uliokuwa Ukimwagwa

Kila asubuhi hapa Mbagala nilikuwa namkorogea mjukuu wangu uji wa soya. Soya naichemsha, naianika, naikaanga mwenyewe, ndipo naipeleka mashineni. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuwa ananirudishia kikombe kitupu. "Mama, kamaliza wote." Nami nafurahi.

Siku moja nikamkuta uani anawamwagia bata ule uji.

"Kumbe wajukuu zangu ni bata?"

Akainama. "Nisamehe, mama. Wanasema soya ina homoni za kike, mtoto wa kiume ataota matiti."

Nikambeba mtoto mpaka zahanati, mama yake nyuma. Nesi akatueleza kwamba soya kweli ina kitu kinachofanana na homoni ya kike, ila nguvu yake ni ndogo mno, na kikombe cha uji hakimgeuzi mtoto.

Mkwe akashusha pumzi. Mie sikushusha. Hofu yake naielewa, angesema tu tungeenda kuuliza siku ileile. Lakini miezi mitatu alinitazama usoni akaniambia kamaliza.

Uji nakoroga bado. Ila mtoto namnywesha mwenyewe.