Tulivyofungua soko la kubeti saluni Yeoville, kisha tukaulizwa kama Gauteng inaruhusu

Habari za jioni wakuu.

Juzi humu jukwaani kuna mdau aliuliza kama betting exchange ni halali pale Gauteng, Afrika Kusini. Mkamjibu kwa vifungu vya sheria, sawa kabisa. Mimi swali lile lilinirudisha Yeoville, mtaa wetu wa Joburg, nikabaki nimeshika simu tu.

Leo nimeamua kusimulia. Yote ni kweli tupu, na nikiongeza chumvi Mama Neema atanisuta, maana nitamtumia link.

Ni kama 2016 hivi. Mimi mtu wa Tanga, nilikuwa na meza ya cover na chaja za simu nje ya saluni ya Mama Neema, Mkongo wa Lubumbashi. Mume wake, Kasongo, alikuwa security kwenye geti la ofisi huko Randburg. Mrefu, mpole, akicheka anacheka kwa mabega.

Kazi ya geti ilikuwa inamchosha kwa ukimya. Siku moja aliniambia kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Ndugu, toka asubuhi batu banapita tu, 'morning, morning'. Hakuna mutu ananiuliza kitu."

Huko huko getini ndiko alikosoma kwenye simu habari za betting exchange.

Kwa wasiojua: duka la kawaida la kubeti, unacheza na kampuni. Exchange unacheza na binadamu mwenzako. Wewe unasema timu fulani inashinda, mwingine anasema haishindi, mwenye mtandao anawakutanisha na kukata commission.

Akajaribu kujiunga na mtandao mmoja wa nje, ukamkatalia kwa sababu ya nchi aliyokuwepo. Jumamosi akaingia saluni akatangaza, "Banatukatalia? Basi tutafanya yetu hapa."

Wakuu, tulifanya.

Mkongo akisema timu ya kwao inashinda, lazima apatikane wa kusema haishindi. Kasongo anasimama katikati ya viti na dryer anaita kama dalali wa mnada, "Nani anakatala? Nani anakatala?"

Bosco, fundi cherehani wa jirani, Mrundi, aliacha suruali ya mteja kwenye mashine akaja kukataa. Mama mmoja wa kanisani kwa kina Mama Neema, kichwa nusu kimesukwa nusu bado, alimkataa favourite wa derby ya Soweto, timu iliyopewa nafasi kubwa ya kushinda, kwa sababu tu hakupenda rangi ya jezi. Akashinda! Saluni nzima ilipiga kelele mpaka watu wa mtaani wakachungulia.

Commission ya Kasongo ilikuwa inaishia kwenye soda za wote. Lakini alikuwa anakata, na hapo ndipo kasheshe ilipotokea.

Kulikuwa na mteja, Sis Thandeka, mwenyeji, anafanya kaunta kwenye duka la kubeti lenye leseni huko Kensington. Alikuwa anasukwa, anatutazama tu kwenye kioo. Mwisho akamwambia Kasongo kwa Kiingereza, "Eish, bhuti, kaka yangu, leseni yako iko wapi?"

Tukacheka. Yeye hakucheka.

Akatueleza taratibu. Kule leseni ya kubeti inatolewa na jimbo, na Gauteng ina bodi yake. "Marafiki wawili wakibishania mpira, hayo yao. Wewe unawakutanisha watu na unakata chako. Hiyo ni biashara, na hapa biashara hiyo bila leseni ni kosa."

Kitana cha Mama Neema kikasimama hewani.

Ieleweke, Kasongo na mkewe walikuwa wakimbizi. Familia nzima ilikuwa inasubiri majibu ya kuhamishiwa nchi nyingine. Mama Neema akamgeukia mumewe, sauti ya chini kabisa.

"Baba Neema, ma-papiers yetu bado inangojea. Unataka bakukamate juu ya mupira?"

Kasongo akabisha kidogo, eti labda yule dada hajui vizuri. Jumatatu akaniomba nimsindikize tukaulize kwenye ofisi ya bodi yenyewe. Nikafunga meza yangu, nikaenda naye.

Tukapokelewa na mama mmoja mtulivu. Hakutuuliza karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu Kasongo alipofika kwenye habari ya jezi, halafu akathibitisha alichosema Thandeka: kuendesha exchange, hata ya saluni, kunataka leseni. Akaongeza, "Mmefanya vizuri kuuliza. Wengi huuliza wakishakamatwa."

Kwenye taxi ya kurudi, tulipokaribia Yeoville, Kasongo akasema, "Haikuwa ya makuta, haikuwa pesa, ndugu. Pale batu banakuwa bananingoja."

Nilimshika bega tu.

Jumamosi iliyofuata saluni ilipoa. Kasongo alikuwa anafagia nywele. Mara Bosco akachomoza kichwa mlangoni.

"Leo Lubumbashi inacheza. Mimi nakataa."

"Hakuna kubeti hapa!" Mama Neema akafoka.

"Sijasema nabeti. Nimesema nakataa."

Kasongo akaanza kucheka, mabega yanaruka. Ndani ya nusu saa kelele zilikuwa zimerudi, tunabishana bure, hakuna anayetoa wala kupokea kitu. Na nawaambia ukweli, Jumamosi za bure zilikuwa tamu kuliko zile za mwanzo. Tulikwenda hivyo mpaka 2018, majibu yao yalipotoka. Wakahamia Australia. Bosco akapata fremu mtaa mwingine, na mimi baadaye nikarudi Tanga.

Mwezi uliopita Kasongo alinipigia. Akaniambia huko exchange ipo, na safari hii aliuliza sheria kwanza kabla ya kugusa chochote. Inaruhusiwa.

"Umejiunga?" nikamuuliza.

"Nilifungua, nikaangalia. Ni ma-namba tu, inapanda, inashuka. Hakuna sura ya mutu. Nikafunga."

Somo langu ni hili. Ukiwa ugenini usiulize tu kama nchi inaruhusu, uliza jimbo ulilopo, na uliza mapema. Kuuliza hakukutuletea polisi. La pili, miaka ile nilidhani tunakusanyika kwa sababu ya mpira.

Mliokaa Joburg kipindi kile, Jumamosi zenu mlikuwa mnashinda wapi, na nani? Tupieni hapa chini, nasoma zote.