Kiongozi wa Njia ya Ziwani

Kiongozi wa wageni huijua njia ya ziwani kwa nyayo. Kwenye kila kona hugusa mti kwa kiganja, kama anayeusalimia, kisha huuliza kwa upole, "Haya, niambieni, mnaona nini?" Wageni hudhani ni mchezo. Tomasi, mbeba mizigo anayefuata nyuma kabisa, ndiye pekee anayejua kwamba mtoto wa jicho amemziba kiongozi huyo mzee macho yote mawili. Amenyamaza, maana bila kazi hii mzee hana pa kula.

Asubuhi moja, wakifuata ukingo wa maji, Editha, mgeni kutoka Morogoro, aligeuka.

"Babu, pale tulipopita, si kiboko yule?"

"Jiwe hilo, mama. Kila mgeni huliogopa."

Jiwe likakoroma, na milima ikaurudisha mlio kutoka kila upande. Wageni walipiga mayowe. Mzee hakukimbia, alitanua mikono mbele yao kuwakinga, akayakodolea macho matete matupu. Kiboko alikuja kwa nyuma, kule alikokuwa Tomasi na madumu yake mawili mikononi.