Nyasi za Shimba Baada ya Eda

Siku ya tatu baada ya kutoka eda, dada yangu mkubwa alinipeleka Milima ya Shimba. Miezi minne na siku kumi nilikuwa ndani ya nyumba yangu Chaani, sina manukato, sina wanja, namlilia mume wangu. "Mdogo wangu, twende ukapigwe na upepo," aliniambia. Nikamwombea dua. Hata leo dua ile inaniuma.

Nilivaa dera la njano, nguo yangu ya kwanza yenye rangi tangu msiba. Gari la kukodi lilipita Dongo Kundu, likapanda, na malori ya Changamwe yakabaki chini na moshi wao. Kule juu ni vilima vya nyasi tupu, kimoja nyuma ya kingine, na baridi ya kutafuta shali. Askari wa mbuga alituonyesha palahala watatu, swala wakubwa weusi, pembe zimepinda kuelekea mgongoni. Mmoja alipiga chafya nikacheka, nikaona kumbe bado ninaweza.

Tulitandika mkeka. Dada alikuwa amepika viazi karai vya kulisha harusi. Nilimuuliza tunamngoja nani, akajifanya anatafuta vikombe.

Ndipo likaja gari la pili, akashuka bwana mmoja na kanzu yake iliyonyooshwa pasi. Kanzu, mbugani! Simlaumu, alikuwa na adabu zake. Alitoa salamu, akanipa pole, akaketi ukingoni mwa mkeka. Kisha, kwa nia safi kabisa, akasema, "Wallahi nimevuta subira. Dadako alinipa ahadi tangu arobaini ya marehemu. Akanambia eda ikisha tu, nije."

Tangu arobaini! Mwanamke aliye edani haposwi, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua, na mwalimu wa chuo chetu ni dada yangu huyu huyu. Siku hizo alikuwa akilala kwangu, kitanda kimoja, amenishika mkono hadi nisinzie.

"Nisamehe, bwana," nilimwambia. "Mimi sijamwahidi mtu."

Niliondoka nikashika njia ya nyasini. Dada alinifuata akihema. "Nakutakia kheri! Utakaa peke yako mpaka lini?"

Niligeuka. "Ulipokuwa ukilala kwangu, ulikuja kunifariji mimi, au kumtunzia yule bwana mke?"

Dada yangu hakosi jibu, hata ukimuuliza hesabu za mirathi. Siku hiyo aliinama, akaanza kubandua mbegu za nyasi zilizonasa kwenye buibui lake, moja moja.