Blanketi Lililomfungia Veturia Bafuni

Veturia Bârsan anakaa juu yetu, ghorofa ya nne, hapa mjini Galați. Mabomba ya bafu lao yanapita bafuni kwetu, kwa hiyo hakuna linalosemwa kule juu nisilolisikia. Si umbea. Kwenye majengo haya jirani akipiga mswaki wewe unajua. Haya ninayoyasimulia, mengine aliniambia mwenyewe, mengine niliyasikia, na ya mwisho nilikuwepo.

Tangu mama mkwe wake, Bibi Safta, alipovunjika nyonga akawa mtu wa kitandani, Veturia ndiye anayemwogesha, anayemlisha na kumgeuza. Mumewe, Nelu, anaendesha lori. Leo yuko Hungaria, kesho Ujerumani, na akirudi analala. Nelu ana dada mmoja tu, Mirela, ambaye ana nyumba kubwa nje ya mji, yenye bustani na chumba kizima cha kufulia. Humo mna mashine ya kufua inayoweza kumeza godoro na nyingine ya kukausha. Mirela alikuwa anakuja Jumapili mojamoja. Anambusu mama yake kwenye paji la uso, anapitisha kidole juu ya kabati kuona kama kuna vumbi, anaondoka.

Mashine ya Veturia aliileta Mirela huyohuyo, zawadi. Ni kadogo, kanakaa chini ya sinki bafuni, kanafaa soksi na blauzi, au shuka moja ukiikunja kwa adabu. Alipoileta alisema sasa wifi yake hana tena sababu ya kulalamika. Mgonjwa wa kitandani anachafua shuka kila siku, wakati mwingine mara mbili. Na Bibi Safta hakubali kulala ila chini ya blanketi lake la sufu alilofumiwa na mama yake kijijini, blanketi ambalo hata likiwa kavu ukilibeba unahema.

Mwanzoni mwa Juma Kuu Mirela akapiga simu. Siku ya Pasaka wangekuja wote kumwona mama, yeye na mumewe na wakwe wapya wa binti yake, kwa hiyo hakutaka chumba kinuke. Mapazia yafuliwe, zulia lifuliwe, na hasa lile blanketi. Veturia akamwomba alipeleke kwake, kwenye mashine kubwa. Mirela akasema manyoya ya sufu yangeziba chujio la mashine yake.

"Fua kwa zamu, wifi," akamwambia. "Ingiza nusu, ikitakata ugeuze, uingize nusu nyingine."

Hayo Veturia aliniambia mwenyewe. Alitaka kumwuliza ile nusu iliyobaki nje mlango wa mashine unafungwaje, lakini Mirela alikuwa amekwisha kata simu.

Kwetu, ikifika Alhamisi Kuu hafui mtu, hata yule asiyekanyaga kanisani. Kwa hiyo Jumatano Veturia akalisukumiza blanketi lote ndani ya kale kamashine, kwa viganja, kisha kwa goti, akafunga. Kufua kulikwenda. Balaa lilikuja kwenye kukamua. Sufu ilikuwa imekunywa maji ikajikusanya upande mmoja, na mashine ikaanza kupiga sakafu kama mtu anayebomoa nyumba. Mimi chini nilikuwa nakanda unga wa mkate wa Pasaka, taa ya dari ikawa inacheza.

Bibi Safta akapiga kelele kwamba kichwa kinampasuka. Veturia akakimbilia bafuni, akafunga mlango ili makelele yapungue, akaikalia mashine ili itulie. Ikamrusha. Alipoangukia kando ya beseni la kuogea, mashine ikatembea hadi mguu mmoja wa mashine ukazama kwenye tundu la maji la sakafuni, ambalo kifuniko chake kilivunjika wakati wa baridi na Nelu akaahidi kukibadilisha. Hapo ikalala kiubavu, kona yake ikaukandamiza mlango. Na mlango wenyewe unafungukia ndani.

Veturia alichomoa umeme. Akasukuma kwa bega, akasukuma kwa miguu huku mgongo ukiwa ukutani. Mashine iliyojaa maji na blanketi lililovimba haikusogea hata unywele.

 Kisha nikamsikia Bibi Safta akiomba maji, na Veturia akimjibu kwamba amekwama bafuni, hawezi kutoka. Yule mama akafikiri kidogo.

"Sasa nani atanigeuza?" akauliza.

Nimemjua Veturia tangu tulipohamia hapa, na sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Siku hiyo nilisikia kila neno, na nadhani hata ghorofa ya kwanza walisikia. Alianza na Nelu, anayejua kila mlio wa injini ya lori lake lakini kifuniko cha tundu cha ukubwa wa sahani kimemshinda. Akaja kwa Mirela na kidole chake cha kupimia vumbi, na chujio lake asilotaka liguswe na nywele za blanketi la mama yake mzazi. Alipomaliza hao akamgeukia mwenye kuuliza.

"Na wewe, mama, sikiliza. Mama yangu mwenyewe alikufa sijawahi kumwosha ninavyokuosha wewe. Nimekufulia mpaka kucha zimenitoka. Binti yako akija kukaa dakika kumi anaitwa roho yako. Mimi nimefungiwa humu kama mbuzi, na unachoniuliza ni nani atakugeuza. Sijui, mama. Jigeuze."

 Nikadhani Bibi Safta analia. Kumbe alikuwa anatafuta simu chini ya mto. Nilimsikia akimwambia Mirela aje na ufunguo sasa hivi. Mirela alikuwa saluni, akauliza kama haiwezi kusubiri kidogo, nikajua hivyo kwa sababu mama yake alisema, kwa ile sauti kavu ya walimu wa zamani, kwamba yeye na kichwa chake waje walivyo.

Mimi na mume wangu, Panait, tulikwisha panda juu na mtaimbo, lakini mlango wao wa nje ulikuwa umefungwa, tukasubiri kwenye ngazi. Mirela akafika anahema, nywele zimepakwa rangi nusu, zimekunjwa kwenye vikaratasi vya fedha vinavyometameta. Hakutusalimia. Alifungua, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa bafu.

"Wifi, hukusoma maelekezo?" akasema. "Imeandikwa wazi isijazwe kupita kiasi."

 Kutoka ndani Veturia akasema taratibu, "Panait, vunja."

Mirela akaanza kusema habari ya mlango, kwamba milango ya aina ile haipatikani tena, lakini Panait si mtu wa maneno. Alipasua ubao wa chini, akaung'oa, na Veturia akatoka kwa magoti, ameloa kuanzia kifuani, goti moja linatoka damu. Nikampa taulo, akaliweka begani bila kujifuta. Alimwomba Panait apitie pale pale kwenye mlango uliopasuliwa, afungue kile kikofia cha mbele cha kutolea maji. Panait akafungua, maji yakatapakaa kila mahali, mengine yakateremka kwetu, na dari yangu mpaka leo ina doa. Mlango wa mashine ukaachia.

Veturia akalivuta blanketi. Akalikumbatia, maji yanachuruzika, akapita nalo sebuleni, akampita Mirela, akashuka ngazi zote za jengo huku majirani wakifungua milango mmoja baada ya mwingine. Mirela alimfuata mbio.

"Veturia, si kwenye viti. Viti ni vya ngozi."

"Fungua gari."

"Tuliweke basi kwenye buti."

"Fungua, Mirela."

Akafungua. Veturia akalilaza kwenye kiti cha nyuma, cheupe, akafunga mlango wa gari kwa nguvu. Akasema, "Leo umechukua blanketi. Kesho njoo umchukue mama. Pasaka mtalia kwako." Alikusudia kusema mtaila kwako, ulimi ulimteleza, na hakujisahihisha.

Kabla ya jua kuzama Nelu alikuwa ameshapigiwa simu na dada yake, naye akampigia mkewe kumwambia anaiaibisha familia katika Juma Kuu. Veturia alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia akirudi atakuta tundu bado liko wazi na mlango hauna nusu, akakata.

Kesho yake mume wa Mirela na Panait walimshusha Bibi Safta akiwa amekaa kwenye kiti cha jikoni. Hakumtazama Veturia, alisema tu kwamba dawa za asubuhi zisisahaulike. Veturia akamkabidhi Mirela mfuko wa dawa, akamweleza ipi kabla ya chakula na ipi baada, akarudi ndani. Aliniambia alilala Ijumaa Kuu nzima. Mayai mekundu ya Pasaka nilimpelekea mimi.

Bibi Safta alikaa kwa binti yake mpaka karibu na Pentekoste. Blanketi Mirela alilifua kwa maji ya moto kwenye ile mashine yake kubwa, likajikunja, likawa gumu na dogo, halifuniki hata magoti. Chujio kweli liliziba. Yule mama alitukana kila siku, na mwishoni Mirela mwenyewe ndiye aliyempigia Veturia kumwomba, akilia, ampokee.

Veturia alimpokea. Lakini alisema shuka, mablanketi na mapazia havitafuliwa tena ghorofa ya nne, na si Nelu wala ndugu yake yeyote aliyeweza kumtoa kwenye neno hilo. Sasa kila Jumamosi Mirela huja kuchukua mifuko. Veturia humtolea mlangoni. Hawaongei ila juu ya mifuko.

Jumamosi iliyopita nilikutana na Mirela kwenye ngazi, mifuko miwili mikubwa mikononi, jasho linamtoka. Alisimama, akaniambia watu hawajui nguo za mgonjwa zilivyo nzito, na harufu yake, na kwamba hakuna anayemhurumia. Nilimfungulia mlango wa jengo apite.